Pikseli: jinsi picha ilivyogeuka kuwa namba

Pikseli ni kipimo kimoja cha mwanga kilichochukuliwa mahali pamoja katika picha na kuandikwa kwa namba. Vipimo vya namna hiyo vikichukuliwa kwa mpangilio wa mistari na safu, kisha vikahifadhiwa kwa utaratibu ule ule, mkusanyiko wake ndio unaoitwa picha ya kidijitali. Kompyuta inapotaka kuionyesha picha hiyo kwenye kioo, au kuichapa kwenye karatasi, huzisoma namba hizo moja baada ya nyingine na kuwasha au kupaka rangi mahali panapohusika. Wengi wetu tunaijua pikseli kama kile kijiraba kinachojitokeza picha inapokuzwa kupita kiasi kwenye simu, na maelezo mengi ya kawaida huishia hapo. Lakini kijiraba hicho ni namna tu ambayo programu imechagua kuionyesha namba. Namba yenyewe haina umbo wala upana mpaka pale kifaa cha kuonyeshea kitakapoipa.

Upigaji picha uliishi zaidi ya karne nzima bila kitu kama hicho. Nicéphore Niépce alipopata picha zake za kwanza zilizodumu huko Ufaransa katika miaka ya 1820, alitegemea lami iliyokuwa ikigeuka ngumu inapopigwa na jua. Njia ya Louis Daguerre, ambayo serikali ya Ufaransa iliitangaza hadharani mwezi Agosti 1839, ilitegemea madini ya fedha, na filamu zilizofuata baadaye ziliendelea kutegemea kemikali za jamii hiyo hiyo. Ndani ya filamu mna punje ndogo mno za chumvi ya fedha zilizotawanyika ovyo. Punje zilizoguswa na mwanga hugeuka nyeusi filamu inaposafishwa, na zisizoguswa huoshwa zikatoka. Punje hizo hazina mstari wala safu, wala namba ya kuonyesha ipi ni ya kumi na ipi ni ya elfu, na kwa hiyo hakuna njia ya kuiuliza filamu mahali fulani pana weusi wa kiasi gani bila kwanza kuamua mahali hapo ni wapi na panaishia wapi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1830 Charles Babbage alikuwa London akisanifu mashine ya kukokotoa iliyokusudiwa kuendeshwa kwa kadi zilizotobolewa, kwa hiyo picha na kompyuta zilianza safari karibu kwa wakati mmoja. Hata hivyo, ilibidi miaka mingi ipite kabla ya moja kuingia ndani ya nyingine.

Njia iliyozikutanisha ilifunguliwa na watu wa telegrafu na wa magazeti. Mwaka 1843 Alexander Bain, fundi saa kutoka Scotland, alipata hataza ya mtambo wa kunakili maandishi na michoro kwa waya wa umeme, na ndani ya mtambo huo mlikuwa na wazo lenye uzito kuliko mtambo wenyewe, yaani kwamba sura nzima inaweza kusomwa mstari kwa mstari na kutumwa kipande baada ya kipande. Wachapaji wa magazeti nao walikuwa na shida yao. Mashine ya kuchapa inajua wino mweusi na karatasi nyeupe tu, ilhali picha ina vivuli vya kila aina, na dawa waliyoipata ilikuwa kuivunja picha iwe vitone vidogo vyenye ukubwa tofauti, ambavyo jicho huvichanganya na kuviona kama kijivu. Gazeti la New York Daily Graphic lilichapisha picha ya namna hiyo tarehe 4 Machi 1880. Vitone hivyo hufananishwa mara nyingi na pikseli, lakini mimi naona mfanano huo unapotosha, kwa sababu kitone cha gazeti ni wino uliokwisha kukaa kwenye karatasi na hakuna namba yoyote nyuma yake.

Mfumo uliokaribia zaidi ulikuwa ule wa Bartlane, uliobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 na Harry Bartholomew na Maynard McFarlane ili kupeleka picha za magazeti kati ya London na New York kupitia waya uliolazwa chini ya bahari. Picha iligawanywa, kila sehemu ikapangwa katika moja ya ngazi 5 za weusi, na ngazi hiyo ikaandikwa kwa matundu kwenye utepe wa karatasi. Safari iliyochukua zaidi ya wiki moja kwa meli ikawa kazi ya chini ya saa 3. Hapo masharti mawili ya pikseli yalikwisha kutimia: mahali maalumu na ngazi inayohesabika. Kilichokosekana ni mashine ya kuzichukua ngazi hizo na kuzifanyia hesabu. Upande wa pili utepe uligeuzwa kuwa picha moja kwa moja, na kazi ikaishia hapo.

Mashine hiyo ilipatikana Washington. Mwaka 1950 taasisi ya serikali ya Marekani inayosimamia vipimo na viwango ilizindua kompyuta iliyoitwa SEAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza nchini humo zilizoweza kuhifadhi programu ndani ya kumbukumbu zake. Russell Kirsch na wenzake walikuwa wakiifanyia kazi za hesabu za kawaida, na mwaka 1957 walitengeneza kifaa cha kuilisha picha. Picha ilibandikwa juu ya silinda inayozunguka, mwanga ukaelekezwa juu yake, na kifaa chepesi cha kuhisi kikapima kiasi cha mwanga kilichorudi kutoka kila sehemu ndogo yenye upana usiofikia theluthi moja ya milimita. Picha waliyoichagua ilikuwa ya Walden, mtoto mchanga wa Kirsch mwenyewe, yenye ukubwa wa sentimita 5 kila upande. Ilipomalizika kusomwa ilikuwa na pikseli 176 kwa 176, yaani 30,976, na ukomo huo ulitokana na ufinyu wa kumbukumbu ya SEAC.

Mambo mawili katika jaribio hilo yanaonyesha pikseli ni nini hasa. La kwanza ni kwamba pikseli ina sehemu mbili zinazoamuliwa kila moja peke yake: idadi ya mahali panapopimwa, na idadi ya ngazi ambazo kipimo kinaruhusiwa kuwa nazo. Kifaa cha Kirsch kilijua ngazi 2 tu. Mwanga ukizidi kiwango fulani kiliandika nyeupe, ukipungua kiliandika nyeusi, na kwa hiyo kila pikseli ilichukua biti moja, yaani tarakimu moja ya kompyuta ambayo ni 0 au 1. Uso wa mtoto ukisomwa hivyo hubaki madoa. Walichofanya ni kuisoma picha ile ile mara kadhaa, kila mara wakibadilisha kile kiwango cha kutenganisha nyeupe na nyeusi, kisha wakajumlisha matokeo, na sehemu iliyokuwa nyeupe katika usomaji wa kwanza lakini nyeusi katika wa pili ikatambulika kuwa ni kijivu. Leo kazi hiyo hufanywa kwa kuipa pikseli biti nyingi zaidi tangu mwanzo: biti 8 hutoa ngazi 256, na biti 8 kwa kila moja ya rangi tatu, nyekundu, kijani na bluu, hutoa rangi 16,777,216 zinazowezekana.

La pili ni shabaha yao. Kirsch hakuwa mpiga picha, wala hakuwa akitafuta mbadala wa filamu. Alitaka kujua kompyuta inaweza kufanya nini ikipewa picha kama inavyopewa hesabu, kwa mfano kutambua kingo za vitu, kuhesabu vitu vilivyotengana, au kusoma herufi. Ndiyo maana namba zilikuwa jambo la lazima kwake, kwani vitone vya wino havijumlishiki. Kuhusu umbo la mraba, ambalo limeganda katika vichwa vya watu kana kwamba ndiyo asili ya pikseli, yeye mwenyewe alikuja kulijutia alipokuwa mzee na kujaribu kubuni pikseli zenye maumbo yanayofuata mistari ya picha. Mraba ulichaguliwa kwa urahisi tu: ukizipanga pikseli kama vyumba vya daftari la hesabu lenye miraba, kila chumba kinapatikana kwa namba ya mstari na namba ya safu, wala hakuna haja ya kuhifadhi maelezo mengine yoyote.

Anayetaka kuona pikseli zikiwa namba tupu, kabla hazijavishwa sura, na aangalie kilichotokea Pasadena, California, mwezi Julai 1965. Chombo cha anga cha Mariner 4 kilikuwa kimepita karibu na sayari ya Mirihi na kupiga picha 21 na sehemu ya picha ya 22, kila moja ikiwa na mistari 200 yenye pikseli 200, na kila pikseli ikiwa na biti 6, maana yake ngazi 64. Picha moja ilikuwa na biti 240,000. Chombo kilikuwa mbali zaidi ya kilomita milioni 200 na kiliweza kurusha biti 8 na kitu kwa sekunde, hivyo picha moja ilichukua kama saa 8 kufika duniani. Wahandisi wa maabara ya Jet Propulsion Laboratory hawakuwa na subira ya kungoja kompyuta imalize kazi yake. Walizichapa namba kwenye vipande virefu vyembamba vya karatasi, wakavibandika ukutani kimoja kando ya kingine, wakagawia kila kundi la namba rangi yake na kuanza kupaka kwa chaki. Ukingo wa Mirihi ukajitokeza kwa mkono wa binadamu, pikseli kwa pikseli. Fred Billingsley wa maabara hiyo hiyo ndiye aliyelichapisha neno pikseli katika makala zake za mwaka huo.

Mpaka hapo, hata hivyo, picha ilipigwa kwanza kwa filamu au kwa kamera ya televisheni, na namba zikaja baadaye. Kifaa kilichoziondoa hatua hizo za katikati kilitokana na utafiti wa kumbukumbu za kompyuta. Mwezi Oktoba 1969 Willard Boyle na George Smith wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, New Jersey, walikuwa wakitafuta njia mpya ya kuhifadhi data, wakabuni kipande cha silikoni chenye vishimo vidogo vya umeme ambavyo chaji yake inaweza kusukumwa kutoka kishimo kimoja hadi kingine mpaka ifike ukingoni na kupimwa. Kwa kuwa mwanga ukiigusa silikoni huzalisha chaji, kipande hicho kilifaa zaidi kupokea picha kuliko kutunza data, na kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2009.

Chaji iliyomo katika kishimo si namba bado. Ni kiasi cha umeme kinachoweza kuwa chochote, na pikseli huzaliwa pale tu kiasi hicho kinapopimwa na kupewa ngazi. Tofauti hii ndogo ndiyo inayozitenganisha kamera mbili ambazo watu huzichanganya. Steven Sasson, mhandisi wa kampuni ya Kodak huko Rochester, aliunda mwaka 1975 kamera ya kilo 3.6 iliyotumia kipande cha silikoni chenye vishimo 100 kwa 100, ikageuza chaji kuwa namba, na kuziandika namba hizo kwenye kanda ya kaseti kwa sekunde 23. Picha ilikuwa duni, pikseli 10,000 za nyeusi na nyeupe, lakini ilikuwa ya kidijitali kikamilifu. Mwaka 1981 Sony walionyesha kamera yao ya Mavica, iliyopendeza zaidi na isiyohitaji filamu, ambayo bado hutajwa hapa na pale kuwa ni kamera ya kidijitali. Kwa kweli ilirekodi mawimbi ya video kwenye kidisketi cha sumaku, bila namba na bila pikseli kwa maana tunayoizungumzia.

Rangi ililetwa na mtu mwingine wa Kodak, Bryce Bayer, aliyepata hataza yake mwaka 1976. Kishimo cha silikoni hakijui rangi, hupokea mwanga wote sawasawa. Dawa ya zamani ilikuwa ile iliyoonyeshwa na James Clerk Maxwell mwaka 1861, yaani kupiga picha tatu kupitia vichujio vyekundu, kijani na bluu na kuziunganisha, lakini kitu kinachotembea hakingoji kupigwa mara tatu. Bayer alipendekeza kila kishimo kifunikwe na kichujio chake kidogo, na katika kila kundi la vinne, viwili viwe kijani, kimoja chekundu na kimoja bluu, kwa kuwa jicho la binadamu hupata undani mwingi zaidi kutoka kwenye kijani. Rangi mbili zinazokosekana katika kila kishimo hukadiriwa na kompyuta ya ndani ya kamera kwa kuangalia vishimo vya jirani.

Karibu kamera zote za simu za leo zinafuata mpango huo au jamaa zake, na hapo ndipo hesabu za wauza simu zinapohitaji kusomwa kwa makini. Kamera ya megapikseli 12, yaani pikseli milioni 12, yenye safu 4,000 na mistari 3,000, hupima kijani katika vishimo 6,000,000, nyekundu katika 3,000,000 na bluu katika 3,000,000. Faili inayotoka ina namba 36,000,000, tatu kwa kila pikseli, na theluthi mbili ya namba hizo hazikupimwa popote, zimekokotolewa. Aidha, vishimo vikiongezwa kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa ule ule, kila kimoja hupungua upana na kupokea mwanga mchache zaidi, jambo linaloonekana wazi picha inapopigwa usiku. Kwa sababu hiyo simu nyingi zinazotangazwa kuwa na megapikseli 50 hujumlisha vishimo vinne vinne kuwa kipimo kimoja, na picha inayohifadhiwa, isipokuwa mtumiaji abadilishe mpangilio, huwa na pikseli takriban 12,500,000.