Mche wa Podo Ulio Kivulini Haujadumaa, Usiufyeke

Tangu kampeni ya kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032 ianze, baadhi ya vikundi huingia katika misitu yetu ya milimani hapa Kenya vikitanguliza panga kabla ya miche. Nia ni njema. Lakini kinachofyekwa kwa jina la "kusafisha" mara nyingi ni podo wachanga ambao msitu umejipandia wenyewe.

Podo huota kivulini. Ndege na popo hula nyama ya tunda, kokwa ngumu hubaki kwenye majani yanayooza, na mche huchipuka hapo penye mwanga hafifu. Kwa mwaka huenda ukaongeza sentimita chache tu. Si mbovu. Tazama majani yake: membamba, magumu, marefu kuliko ya mti mzima, yameenea kudaka kila kipande cha mwanga. Mti mkubwa ukianguka na jua likapenya, ndipo mche hurefuka. Ukifyeka vichaka vyote kwa siku moja, majani yaliyozoea kivuli huungua, udongo hukauka na nyasi huusonga.

Mwangati, mti mwingine wa misitu hii, ni kinyume. Mche wake, wenye majani ya sindano yanayochoma (ya mti mzima ni kama magamba), haustahimili kivuli kizito. Upandwe penye uwazi, jua la saa sita mchana linapopiga ardhi moja kwa moja.

Kitaluni, ondoa nyama ya tunda la podo kabla ya kusia, na uchanganye udongo wa chini ya podo mkubwa. Una kuvu wanaosaidia mizizi. Maji yakizidi, kinyausi, ugonjwa wa miche, huozesha shina usawa wa udongo.

Lakini kuchukua udongo huo, kufyeka na kung'oa miche msituni vinahitaji kibali. Andikeni barua kwa jina la kikundi, mtaje aina ya miti, idadi na tarehe, muipeleke kituo cha misitu, kisha msubiri mhifadhi awaonyeshe eneo. Kifungu cha 64 cha Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 kinamwekea asiye na kibali faini isiyopungua Sh100,000, au kifungo kisichopungua miezi 6, au vyote viwili. Kuingiza mifugo bila ruhusa kumo humo, na kwa sababu nzuri: shina la mche wa podo ni jembamba kama penseli, na ukwato mmoja unatosha kulivunja.

Siku ya kupanda, watu wawili watangulie wachomeke kijiti kando ya kila podo mchanga. Wengine wafuate baadaye.