Udhamini: kwa nini Tanganyika haikuwa koloni la Mwingereza

Kila nikisahihisha mitihani ya kidato cha tatu hapa Iringa nakutana nayo: "Tanganyika ilikuwa koloni la Uingereza." Naikata nusu alama. Kuna mwanafunzi aliwahi kuniuliza, "Sasa Mwalimu, babu alikuwa akimlipa nani kodi ya kichwa?" Alimlipa Mwingereza, ndiyo. Ila Mwingereza alikuwa mdhamini.

Chukua shamba la yatima. Baba mdogo amekabidhiwa alishike mpaka mtoto akue. Analima, na mavuno pengine anakula yeye, lakini kuuza hawezi, na ukoo una haki ya kumwita aeleze. Huo ndio udhamini. (Ule wa kwenye jezi za mpira ni habari nyingine.)

Ulizaliwa na Mkataba wa Versailles wa 1919. Ujerumani iliyoshindwa vitani ilinyang'anywa makoloni yake, Tanganyika ikiwemo, na ibara ya 22 ikasema watu wa huko bado hawawezi kusimama wenyewe, hivyo walelewe na mataifa yaliyoendelea. Maneno ya ajabu kwa yeyote anayejua jinsi Wahehe walivyokishinda kikosi cha Wajerumani pale Lugalo mwaka 1891! Mkataba huohuo, ibara ya 246, uliidai Ujerumani irudishe ndani ya miezi sita fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe hao. Lilirudi Juni 1954, likakabidhiwa na Gavana Twining, na mpaka leo liko Kalenga. Wanafunzi wangu nikiwapeleka pale huwa wananyamaza kwanza, kisha wanaanza kuhesabu miaka ya ile miezi sita.

"Ukoo" wa kumkagua Mwingereza ulikuwa Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, ambalo alilipelekea ripoti kila mwaka. Ukaguzi ulikuwa wa makaratasi zaidi. Baada ya 1946 kazi ilihamia Umoja wa Mataifa, na hapo mambo yakabadilika: Baraza la Udhamini lilituma wajumbe wake Tanganyika, na wananchi waliweza kulipelekea malalamiko moja kwa moja.

Machi 1955 Julius Nyerere, kiongozi wa TANU iliyokuwa haijatimiza hata mwaka, alisimama mbele ya baraza hilo New York akaeleza madai ya Watanganyika. Kenya ilikuwa koloni kamili tangu 1920 na haikuwa na mlango huo. Wakati Nyerere anazungumza, Jomo Kenyatta alikuwa kifungoni Lokitaung.