"Mimi Sili Sana": Mazoea ya Ulaji na Uzito Uliozidi kwa Watu Wazima

Siku ya Unene Duniani, inayoadhimishwa kila tarehe 4 Machi, huleta kwenye madawati ya ushauri wa lishe watu wengi wanaoanza kwa kauli ileile: "Mimi sili sana, lakini nanenepa." Hatuna sababu ya kuwashuku. Wengi wao kweli hawali milo mikubwa. Ila kwao kula ni kuketi mbele ya sahani, ilhali mwili huhesabu kila kinachopita kinywani, kiwe kimeliwa mezani, kimenywewa njiani au kimeonjwa jikoni.

Kabla ya kuzungumzia chakula, vipimo vichukuliwe ipasavyo. Uzito hupimwa bila viatu wala nguo nzito, mifuko ikiwa mitupu. Urefu hupimwa mtu akiwa amesimama wima, visigino vikigusa ukuta na macho yakitazama mbele. Kilo hugawanywa kwa kipeo cha pili cha urefu wa mita, yaani urefu mara urefu, na jibu huitwa BMI; hivyo mtu wa kilo 82 mwenye urefu wa mita 1.65 hupata takriban 30.1. Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, 25 na kuendelea ni uzito uliozidi, na 30 na kuendelea ni unene uliokithiri. Kiuno hupimwa katikati ya ubavu wa mwisho na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga, mwishoni mwa kutoa pumzi ya kawaida, futikamba ikilala bila kubana. Si penye mkanda wa suruali, wala si baada ya kuvuta tumbo ndani, jambo tunalolazimika kulirudia kila siku. Hatari ya maradhi huanza kupanda kiuno kinapofikia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, ingawa kwa wanaume wenye asili ya Asia hutumika kiwango cha chini zaidi. Vipimo hivi ni vya uchunguzi wa awali, havithibitishi ugonjwa, na havitumiki kwa wajawazito.

Kisha mteja huulizwa alichokula na kunywa katika saa 24 zilizopita, tangu alipoamka. Mara nyingi hutaja milo miwili. Akiulizwa kuhusu vinywaji, hujibu "chai tu", na hiyo chai tu ni vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Jumla ni vijiko 12, karibu gramu 50, ambazo kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku ndizo kikomo cha asilimia 10 kinachopendekezwa na shirika hilo, tena kabla hajagusa soda. Juisi ya matunda nayo imo: sukari yake huhesabiwa katika kundi hilohilo hata ikikamuliwa nyumbani bila kuongezwa chochote, na kubishana juu ya hili hakubadilishi hesabu.

Gramu moja ya mafuta ina kilokalori 9, ya wanga au protini 4. Kijiko kimoja cha mezani cha mafuta ya kupikia kina takriban kilokalori 120, na maandishi "hayana kolesteroli" kwenye chupa hayapunguzi hata moja. Kwamba aina nyingi za mafuta ya mimea ni bora kwa moyo ni kweli, lakini hilo ni suala jingine.

Aina ya chakula pia ina nafasi yake. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2019 nchini Marekani, watu wazima 20 waliandaliwa, kwa wiki mbili mbili, vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi na vile ambavyo havikusindikwa hivyo, vikiwa vimelinganishwa kwa sukari, mafuta na nyuzinyuzi, kila mtu akila apendavyo. Kwa vile vya kwanza walikula haraka zaidi, wakazidisha takriban kilokalori 500 kwa siku na kuongezeka karibu kilo moja. Jaribio ni dogo, na hatulibebeshi zaidi ya linavyoweza.

Chai za kupunguza mwili zinazoharisha huondoa maji, si mafuta, na hakuna namna ya upole ya kulisema hili. Kushinda njaa kwa siku kadhaa nako hupunguza nishati ambayo mwili hutumia na kuchochea hamu ya kula, ndiyo maana uzito hurudi. Lengo la kuanzia ni kupunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito, kiasi ambacho kwa kawaida hutosha kuboresha shinikizo la damu na sukari mwilini.

Hatusemi kila mnene ni mlafi, maana urithi, usingizi hafifu na baadhi ya dawa, zikiwemo insulini, za jamii ya steroidi na baadhi ya zile za magonjwa ya akili, huchangia. Anayetumia dawa hizo azitaje anapokuja kupimwa, na asiziache wala kupunguza dozi bila idhini ya daktari aliyemwandikia.