Si kila kinachochonyota ni aleji

Ngozi ikichonyota baada ya sabuni, aleji. Vipele baada ya kunyoa, aleji. Uso ukibabuka kwa krimu ya chunusi iliyopakwa mara tatu kwa siku badala ya mara moja usiku, hiyo nayo aleji. Neno limekuwa kapu la kutupia kila kitu, halafu watu wanameza vidonge vya aleji na kushangaa mbona mikono bado inapasuka.

Kwa kifupi, aleji, au mzio, ni kinga ya mwili kukosea: inakutana na kitu ambacho hakiwadhuru watu wengi, inakiona adui, inakikariri, na kila kikirudi inakishambulia. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Austria, Clemens von Pirquet, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya "nyingine" na "kazi". Alikuwa anazungumzia mwili uliobadilika namna ya kuitikia kitu baada ya kukutana nacho. Huko kubadilika ndiko kunakosahaulika.

Kubabuliwa ni habari nyingine kabisa. Kinga haijakosea lolote. Kitu chenyewe ndicho kikali, au si kikali sana ila kimetumika kupita kiasi. Sabuni nyingi za kawaida za kipande zina pH (kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi inazidi) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ina asidi kidogo, karibu na 5. Ukinawa nazo mara nyingi, mafuta yanayoziba nafasi kati ya seli za tabaka la juu yanaondoka, maji yaliyomo yanapotea, na ngozi inakakamaa na kupasuka. Hilo linaweza kumpata yeyote, ni suala la kiasi na muda tu. Na kati ya vipele vinavyotokana na kugusa kitu, vya aina hii ndivyo vingi zaidi.

Chukua wekundu unaotokea chini ya pete. Watu huilaumu pete moja kwa moja, na kweli nikeli inaongoza kati ya metali zinazoleta mzio wa ngozi. Lakini mara nyingi ni sabuni na maji vilivyonasa hapo na kukaa siku nzima. Angalia kama ngozi imebabuka pia katikati ya vidole, na kama kifungo cha suruali au hereni za bei rahisi, ambavyo mara nyingi vina nikeli, havijawahi kukusumbua. Ikiwa ndivyo, mshukiwa wa kwanza ni sabuni.

Hoja inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Krimu hii nimeitumia miaka, haiwezi kuwa aleji." Inaweza sana. Kinga haiwezi kukariri kitu ambacho haijawahi kukutana nacho, na kujifunza huko huchukua angalau siku 10 hivi, pengine miaka. Kinyume chake, krimu mpya kabisa inayochonyota dakika ile ile ya kwanza, kwa kawaida inakubabua tu. Na mzio wa kugusa ukishakuwapo, vipele hujitokeza siku moja hadi tatu baadaye, ndiyo maana rangi ya nywele ya Jumamosi inaponyoka, lawama inaiangukia sabuni ya Jumatatu. (Mabaka yanayovimba ndani ya dakika chache ni mzio wa aina nyingine. Yakifuatana na midomo kuvimba au pumzi kubana, kimbilia hospitali, usisubiri maelezo ya mtu yeyote.)

Kwa hiyo kipimo cha mzio wa kugusa hakina haraka. Vibandiko vyenye viini mbalimbali, yaani kemikali zinazoshukiwa, hubandikwa mgongoni, hutolewa baada ya saa 48, na ngozi husomwa tena siku zinazofuata. Kile cha kuchoma ngozi kwa sindano na kuangalia baada ya dakika 15 hakigundui mzio wa aina hii.

Huduma ya mwanzo inafanana: acha kinachoshukiwa, oga maji ya vuguvugu, paka mafuta ya mgando yasiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Tofauti inakuja baada ya kupona. Aliyebabuliwa anaweza kurudia krimu ile kidogo kidogo, kwa kuruka siku. Mwenye mzio hairudii tena, hata tone, na anatakiwa ajue jina la kiini kilichomdhuru ili akisome kwenye kila chupa.

Basi ukiulizwa hospitali una aleji na nini, sabuni iliyokuchonyota usiitaje kama aleji; sema inakubabua. Dawa iliyokuletea vipele, itaje na ueleze vilitokea baada ya muda gani. Kinachoandikwa hapo hukaa kwenye faili lako, na daktari atakayekuja baadaye atakunyima dawa kwa kulifuata hilo neno moja.