Neno "uvimbe" kwenye karatasi ya altrasaundi

Mama anayetibiwa saratani ya titi akikutana na neno "uvimbe" kwenye majibu ya altrasaundi, mengine hayasomi tena. Dada mmoja wa Tandahimba, ambaye bado anaona siku zake, alinijia hapa Mtwara na karatasi aliyoikunja mara nne: uvimbe wa maji, ovari ya kulia, sentimita 4. "Daktari, ndo imeshuka huku chini?"

Nilimuuliza kwanza anameza vidonge gani. Tamoksifeni, dawa ya saratani ya titi, miligramu 20 kila siku. Roho yangu ikatulia kidogo.

Wengi hudhani tamoksifeni huiondoa mwilini estrojeni, homoni ya kike inayolisha saratani nyingi za titi. Haiiondoi, huizuia tu isishike kwenye titi. Kasheshe ni ubongo: nao hauisikii estrojeni vizuri, hudhani imepungua, basi huzidi kuzichochea ovari. Kwa ambaye hajakoma hedhi, vifuko vya mayai hujaa maji na kukua. Ndiyo maana hata aliyepotelewa na hedhi baada ya kemotherapi asijiamini: anaweza kushika mimba, na dawa hii humdhuru mtoto tumboni. Atumie kinga isiyo na homoni, mfano kitanzi cha shaba.

Kwenye picha ya dada yule maji yalikuwa meusi tii, ukuta mwembamba, ndani hamna kinyama. Uvimbe wa namna hiyo usiofika sentimita 5 mara nyingi huondoka wenyewe. Kinachonikosesha usingizi ni nyama ndani ya uvimbe, kuta nene zinazougawa, damu inayopita kwenye nyama hiyo, au maji yaliyojaa tumboni. Ovari zote mbili zikiwa ngumu, nakumbuka kwamba saratani ya titi huweza kufika huko. Hapo nauliza pia kama mama au shangazi aliugua titi au ovari.

Kwa bibi aliyekwisha koma hedhi, jicho langu huenda kwenye mji wa mimba. Tamoksifeni hunenepesha ukuta wake, na unene peke yake, bila damu, haunitishi sana. Ila akiona damu, hata tone, aje tuchukue kinyama kikapimwe.

Dada yule nilimwambia asiache vidonge, arudi tupige picha tena akishaona hedhi mbili. Akaomba tusubiri korosho ziuzwe. Nikakataa, nikamwandikia tarehe nyuma ya karatasi yake, na chini yake: maumivu makali ya ghafla upande mmoja, njoo siku hiyohiyo.