Albamu ya Dhana Haitafutwi Studio

Nimevumilia kwa muda mrefu, lakini mwezi huu limenijia kundi la tatu la vijana waliotaka niwarekodie albamu ya dhana, yaani ile ambayo nyimbo zake zote hufungwa na wazo moja, na ambao, nilipowauliza nyimbo ziko wapi, walinijibu kwa furaha kwamba nyimbo zitapatikana humo humo studio, maana hata Pink Floyd, bendi ya roki ya Uingereza, walifanya hivyo walipotengeneza The Dark Side of the Moon. Jina la albamu walikuwa nalo, picha ya jalada walikuwa nayo, na fulana zilikwisha kuchapishwa. Kwa kuwa kazi yangu hapa Mjini Unguja ni kurekodi muziki, na kwa kuwa kauli hiyo nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, naona bora niijibu kwa maandishi, ili atakayekuja tena nimpe karatasi asome kwanza.

Wanaoamini hivyo hudhani kwamba wanamuziki wanne waliingia studio ya Abbey Road, London, mikono mitupu, wakawasha mitambo, wakajifungia humo kwa miezi, na albamu ikajitokeza yenyewe. Ukweli ni kwamba mwishoni mwa mwaka 1971 bendi hiyo ilikutana jikoni nyumbani kwa mpiga ngoma wao, Nick Mason, na hapo Roger Waters, mpiga besi wao, akapendekeza kwamba vipande vipya walivyokuwa navyo vifungwe na jambo moja, yaani yale yanayomlemea binadamu mpaka akili ikachoka: muda, fedha, safari, wazimu na mauti. Dhana ilitangulia, tena ilikaa jikoni, si mbele ya mashine. Tarehe 20 Januari 1972 waliipeleka kazi hiyo jukwaani mjini Brighton, ambako mitambo iliwaangusha walipofika kwenye wimbo wa "Money" na hawakuweza kuimaliza. Kesho yake wakaipiga nzima Portsmouth, na mwezi wa Februari wakaipiga siku nne mfululizo katika ukumbi wa Rainbow, London, mbele ya waandishi wa habari. Kurekodi hakukuanza mpaka majira ya joto ya Ulaya yalipokaribia, na albamu ikatoka Machi 1973. Kwa hiyo, kabla santuri haijafika dukani, watu walikuwa wameisikia kazi hiyo kumbini kwa zaidi ya mwaka mzima, na wajanja walikwisha kuirekodi kwa siri na kuiuza.

Mwaka huo wa jukwaani ndio vijana wangu wanaotaka kuuruka, na ndio uliofanya kazi ngumu kuliko zote. Katika maonyesho ya mwanzo kipande chote hakikuwa na mwisho wa kuridhisha. Waters alilitambua hilo ndipo akaandika "Eclipse", ambao leo hakuna anayeweza kuifikiria albamu bila huo. Kile kipande cha safari, kinachojulikana sasa kama "On the Run", hapo awali kilikuwa ni gitaa na kinanda vikijibizana, na baada ya kupigwa hivyo kwa miezi kadhaa ndipo kikatupwa, mahali pake pakawekwa mfululizo wa noti nane wa sinthesaiza, mashine ya kutengeneza sauti kwa umeme, uliozungushwa kwa kasi. Kipande cha mauti nacho kilikuwa na ogani na maneno ya Biblia, kisha yakaondolewa. Mtu hutupa kitu kwa uhakika namna hiyo akiwa amekwisha kukipiga mbele ya watu na kuwaona wanavyokipokea. Wazee wetu wa taarabu wanalifahamu jambo hili kuliko mtu yeyote: tangu klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ilipoanzishwa mwaka 1905, wimbo hufanyiwa mazoezi klabu mpaka fidla, udi na kanuni viwe kitu kimoja, halafu ukumbi ndio unaosema, kwa sababu wimbo ambao hakuna anayeinuka kuutunza unajulikana usiku ule ule.

Sisemi kwamba studio haikuongeza kitu. Mlio wa sarafu na mashine ya kuhesabia fedha unaofungua "Money" ni vipande vya utepe vilivyopimwa kwa rula, vikakatwa na kuunganishwa kuwa duara la midundo saba. Lakini hata huo Waters alikwisha kuujaribu nyumbani kwake, kwenye kibanda cha bustani, kwa kutupa sarafu ndani ya bakuli la mkewe la kufanyia kazi ya ufinyanzi. Mwezi wa Januari 1973 aliitwa mwimbaji Clare Torry, ambaye hakupewa hata neno moja la kuimba, akalilia sauti juu ya kile kipande cha mauti na kulipwa pauni 30. Miaka mingi baadaye alidai haki yake na akatambuliwa kuwa mtunzi mwenza. Vijana huipenda sana habari hii kama ushahidi wa muujiza wa studio, wakasahau kwamba kipande alichokiimbia kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na kila mtu mle ndani alijua kinahusu nini.

Sharti langu, kwa hiyo, halibadiliki: pigeni kazi yote mara tatu, bila kusimama, mbele ya watu wasiokuwa ndugu zenu, ndipo mje tupange siku. Umeme ukikatika katikati msikasirike, endeleeni kwa magitaa makavu na ngoma, maana hapo ndipo kitaonekana kipande kinachobebwa na mashine tu.

Yapo mengine ya kupita. Ile habari kwamba albamu hii ilitengenezwa iendane na filamu ya Marekani ya mwaka 1939 kuhusu yule msichana na mchawi wa Oz haina msingi. Ilienea miaka ya 1990, Alan Parsons, fundi sauti aliyeirekodi albamu, ameikanusha, na albamu yenyewe haifikii hata nusu ya urefu wa filamu. Wanaosema kwamba ilipotoka haikupokewa wanachanganya mambo: ilishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki moja, Uingereza ikaishia ya pili, na kufikia mwaka 1988 ilikuwa imekaa kwenye chati ya Billboard ya Marekani jumla ya wiki 741. Kilichodorora ni hafla ya kuizindua kwa waandishi tu, ambayo wanabendi waliisusa isipokuwa Richard Wright, mpiga kinanda wao, kwa kuwa mfumo wa sauti walioutaka haukuwa tayari. Na si lazima albamu ya dhana iwe na hadithi yenye mhusika, mwanzo na mwisho; Tommy ya bendi ya The Who ya mwaka 1969 inayo, hii haina.

La mwisho naulizwa zaidi na wenyeji kuliko wageni, kwa sababu Freddie Mercury alizaliwa hapa Unguja mwaka 1946: kwamba Queen, bendi yake, hawakuwahi kujaribu jambo la aina hii. Walijaribu. Albamu yao ya Queen II ya mwaka 1974 haikugawanywa kuwa upande wa kwanza na wa pili, bali mweupe na mweusi, na nyimbo zote za upande mweusi ni za Mercury peke yake. Mmojawapo, "Ogre Battle", ulikuwepo hata kabla ya albamu yao ya kwanza. Waliuweka makusudi mpaka wapate muda wa kutosha studio.