Mafunzo ya walimu kazini: dhana potofu zinazoyakwamisha shuleni

Dhana: Semina ya siku tatu Mbeya mjini inatosha.

Haitoshi. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa Marekani Bruce Joyce na Beverly Showers walionyesha kwamba maelezo na maonyesho peke yake mara nyingi huishia ukumbini. Mbinu huingia darasani mwalimu anapoijaribu, akapewa mrejesho, kisha akaendelea kusaidiwa akiwa kazini. Ndiyo sababu MEWAKA, mpango wa Tanzania wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, inasisitiza Jumuiya za Ujifunzaji, yaani vikundi vya walimu wanaojifunza pamoja, ndani ya shule na klasta (kundi la shule jirani). Kwa shule za ndani kabisa Makete au Kilolo hilo ni muhimu zaidi, kwani mvua zikiharibu barabara, mwezeshaji wa wilayani hafiki.

Dhana: Akienda mmoja, atawafundisha wenzake akirudi.

Kinachorudi kwa kawaida ni kablasha na maelezo ya dakika kumi mwishoni mwa kikao cha walimu. Ni afadhali waende wawili wa somo moja, na ndani ya wiki mbili wafundishe kipindi kwa mbinu hiyo huku wenzao wakitazama.

Dhana: Jumuiya ya Ujifunzaji ni kikao kingine tu.

Inakuwa kikao pale ajenda zinapokuwa ada, chakula na usafi. Ikiendeshwa inavyopaswa, huanzia kwenye madaftari ya wanafunzi. Tuseme Darasa la Tano wengi wameandika 1/2 + 1/3 = 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Walimu watatu au wanne waandae kipindi kimoja cha kutibu kosa hilo. Waanze kwa kuwauliza watoto: inakuwaje jibu liwe dogo kuliko nusu tuliyoanza nayo? Kisha kila kikundi kipewe vipande vya karatasi vya sentimita 24. Nusu ni sentimita 12, theluthi ni 8. Zikiunganishwa ni 20 kati ya 24, yaani 5/6. Zoezi huharibika vipande vikikatwa kwa kukadiria: nusu ikitoka kwenye kipande kirefu na theluthi kwenye kifupi, mtoto hana tena kizima kimoja cha kulinganishia.

Mmoja afundishe, wengine waketi karibu na wanafunzi watatu watatu, waandike walichosema na walichoandika. Mjadala ufanyike siku hiyohiyo, na aliyefundisha azungumze kwanza. Wiki inayofuata kipindi kilichorekebishwa kifundishwe mkondo mwingine.

Dhana: Mwenzako akiingia darasani kwako, anakukagua.

Udhibiti ubora una wakati wake na fomu zake. Hapa anayetazamwa ni mwanafunzi. Maoni kuhusu mavazi au mwandiko wa mwalimu yasiruhusiwe hata kidogo, kwa sababu mwalimu akiaibishwa mara moja, kipindi kijacho atachagua mada rahisi na hakuna atakayejifunza kitu.

Dhana: Siku hizi masomo yote yako kwenye simu.

Moduli za Taasisi ya Elimu Tanzania mtandaoni zinasaidia sana. Zipakueni mahali penye mtandao, mzisome pamoja. Ila simu haiwezi kumwona mtoto aliyekwama dawati la nyuma.

Dhana: Bila posho hakuna mafunzo.

Nauli na chakula vya mwalimu anayesafiri ni haki yake, vilipwe. Kwa mafunzo ya shuleni, kinachokosekana zaidi ni muda. Mwalimu mkuu aweke saa moja na nusu kila wiki mbili kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, siku ambayo haigongani na gulio, na naye akae humo kama mshiriki. Akiahirisha mara mbili mfululizo, walimu wataacha kujiandaa.